Koti Lenye Kiraka Chekundu na Ubeti wa Mwisho wa Mwalimu Wandera

"Ni yeye! Ni Mwalimu Wandera alinipatia hii koti!"

Aliyepiga kelele hiyo ni Kioko.

Kioko rafiki yangu! Kioko wa kitanda cha juu, mimi cha chini, tangu kidato cha kwanza. Kioko niliyemgawia nusu ya kila chapati niliyoiba jikoni!

Alikuwa amesimama katikati ya jukwaa, mbele ya ukumbi uliojaa wazazi, kidole amemnyooshea mwalimu wetu wa muziki.

Na mimi nilikuwa kando yake, nimevaa rinda la mke wa mpishi, kitambaa kichwani na hereni za vifuniko vya soda... nimeduwaa.

Wanaume wawili wenye suti walipanda jukwaani. Mmoja alimshika Mwalimu mkono wa kulia, ule aliokuwa akituongozea nyimbo.

Mwalimu Wandera hakubishana. Alimtazama Kioko tu.

Halafu, wasomaji wangu... akatabasamu!

Ndugu na dada wa mtandaoni, naomba tusimame kwa dakika moja ya ukimya.

Mmesimama?

Kaeni. Nilikuwa natania.

Naitwa Marete. Siku hizi nina upara na wajukuu wawili, lakini akili yangu ilikataa katakata kutoka kidato cha tatu, mwaka wa themanini na tatu, katika bweni letu la mabati pale Nyeri. Kwa hiyo nitawasimulia kama nilivyokuwa: mtundu, mwongo mdogo mdogo, na mwenye njaa.

Mkicheka mwanzoni, chekeni. Mwishoni sitawadai kicheko.

*

Mwalimu Philemon Wandera alikuja shuleni kwetu akiwa na sanduku moja la nguo na kinanda kilichofungwa kwa blanketi. Alitoka Busia, lakini alikuwa amepitia Nairobi.

Huko Nairobi, jamani, alikuwa mtu! Aliimba na kikundi cha maigizo ya nyimbo. Si kwaya. Si mchezo wa kuigiza wa kawaida. Watu wanaanza kuzungumza jukwaani, maneno yakiwashinda wanaimba. Yeye ndiye aliyeandika, yeye ndiye aliyetunga sauti, na jioni yeye ndiye aliyevaa kofia na kucheza baba mlevi. Walizunguka Nakuru, Kisumu, Thika. Kisha wakubwa wakaanza kuogopa maigizo, kumbi zikafungwa, kikundi kikatawanyika kama kuku mwewe akitua.

Akaja kutufundisha do-re-mi sisi washenzi.

Siku ya kwanza niliweka chura ndani ya kinanda chake.

Alifungua. Akamtazama chura. Akasema kwa upole, "Nani ameleta sauti ya besi?"

Darasa likaanguka kwa kicheko. Nikasimama mwenyewe.

"Ni mimi, Mwalimu."

"Jina?"

"Marete."

"Marete, uko na ujasiri na huna aibu. Wewe utacheza mwanamke."

Hivyo ndivyo nilivyopata kazi ya sanaa, wapendwa. Kwa njia ya chura.

*

Igizo lenyewe liliitwa *Mtaro*.

Kama bibi yako anatoka Nyeri, muulize. Wakati wa vita vya msituni, wakoloni waliwakusanya wanawake, wakawapa majembe, wakawalazimisha kuchimba mtaro mrefu kando ya msitu ili wapiganaji wasipate chakula. Waliowasimamia kwa bunduki na viboko wengi walikuwa watu wetu wenyewe. Mahomugadi, askari wenyeji wa mkoloni.

Mwalimu alikwenda vijijini Tetu kila Jumamosi, akakaa na akina mama wakikamua ng'ombe, akawaomba wamwimbie walichokuwa wakiimba wakichimba. Sauti aliichukua kwao. Maneno ya Kiswahili aliyatunga yeye.

"Mwalimu, wewe ni mtu wa Busia," Kioko alimwambia siku moja. "Hii maneno ya mtaro inakuhusu nini?"

"Kioko, wewe ni Mkamba na utacheza homugadi wa Nyeri. Inakuhusu nini?"

"Mimi nafuata mkate wa mazoezi, Mwalimu."

"Na mimi nafuata wimbo. Simama pale, utoe sauti tumboni."

Alikuwa na tabia moja ya ajabu. Kila igizo alilowahi kuandika, aliacha ubeti wa mwisho bila maneno. Tulifanya mazoezi muhula mzima tukiimba ubeti huo kwa "la la la" kama wajinga.

"Lakini maneno ni gani?" nilimuuliza.

"Ubeti wa mwisho huletwa na watazamaji. Nitawapa siku yenyewe, nikijua ni nani amekuja."

*

Wiki ya Siku ya Wazazi tulitumwa kuazima mavazi. Ndiyo ilikuwa desturi: chama cha maigizo hakikuwa na hela, basi wanafunzi walipita nyumba kwa nyumba wakiomba rinda hapa, kofia pale.

Mimi na Kioko tulipangiwa Tetu. Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Mama Wachuka.

Mama Wachuka alikuwa mke wa kwanza wa Mzee Kingori. Na Mzee Kingori, kwa wale wasiojua ukubwa, alikuwa mwenyekiti wa bodi ya shule, mwenye gari la Peugeot, mzee wa kanisa na mfadhili wa mabomba yetu ya maji. Alikaa mjini na mke mdogo. Mama Wachuka alibaki Tetu na ng'ombe.

"Nyinyi watoto ya shule mnataka nini?" alituuliza.

"Nguo ya zamani, Mama," Kioko alisema. "Ya mchezo. Mchezo ya mtaro."

Mama Wachuka aliweka ndoo ya maziwa chini.

"Mchezo ya nini?"

"Mtaro, Mama. Wanawake wakichimba."

Hapo mimi nilikuwa nimeona mti wa matunda damu nyuma ya zizi, yameiva, mekundu, yananiita kwa jina. Nikawaacha wakiongea. Nilijaza mifuko yote miwili, na moja mdomoni.

Niliporudi, Kioko alikuwa ameshika gunia. Uso wake ulikuwa umebadilika rangi.

"Tumepewa nini?"

"Koti."

Lilikuwa koti zito la askari, la zamani, lenye vifungo vya shaba. Mkono wa kushoto ulikuwa na kiraka kikubwa cha blanketi jekundu, kimeshonwa kwa nyuzi nene.

"Baya hilo!" nilisema. "Utaonekana kama jogoo!"

Kioko hakucheka. Njia nzima hakucheka.

Nikadhani ni wivu kwa sababu ya matunda yangu.

*

Siku ya Wazazi ikafika.

Mzee Kingori alikaa mstari wa mbele kwenye kiti chenye mto. Nyuma kabisa, kwenye mabenchi ya kanisa, walikaa akina mama wa Tetu na vitambaa vyao. Mama Wachuka alikuwa kati yao.

Kabla ya kuanza, niliona Mwalimu amemvuta Kioko nyuma ya pazia. Sikusikia kitu. Niliona tu Kioko akitikisa kichwa... hapana, hapana. Mwalimu akamwekea mikono mabegani. Kioko akainama, akaitikia.

Kisha Mwalimu alinijia na kuninong'oneza maneno ya ubeti wa mwisho mara tatu. Nikayashika. Sikuyaelewa, lakini mwimbaji halipwi kuelewa.

Tukaanza.

Kioko alipotokea amevaa lile koti, ukumbi ulinyamaza. Si kimya cha heshima. Ni kile kimya cha chumbani nyoka akionekana.

Mama mmoja kule nyuma alimwita Mungu kwa sauti, "Ngai!"

Mzee Kingori alikuwa ameacha kujipepea na kofia.

Niliimba. Nawaambia ukweli bila maringo: niliimba vizuri kiasi cha kumtia wazimu ndege. Beti zote zilipita. Ukafika ule wa mwisho. Mwalimu aliinua kidole kimoja, nami nikafungua mdomo:

*Koti nililolichana*
*nimelishona mwenyewe.*
*Aliyenishikia bunduki*
*leo namwita mume wangu.*

Mzee Kingori alisimama.

"Zima hii kitu!"

Kinanda kikanyamaza.

"Wewe kijana! Nani alikupatia hii koti? Nani?"

Wanaume wawili wenye suti, makachero waliokuwa wamekaa nyuma ya kiti cha Mzee, tayari walikuwa wanakuja mbele. Kioko akatazama mabenchi ya nyuma mara moja tu. Kisha akainua kidole.

Mengine mnayajua.

*

Mwalimu alipakiwa kwenye Land Rover. Bado alikuwa amevaa ile kofia yake ya baba mlevi, ya enzi za Nairobi.

Mmoja wa wale wanaume alirudi.

"Koti iko wapi?"

Kioko alikuwa amelivua na kuketi sakafuni kama mtu aliyepigwa rungu. Koti lilikuwa limelala miguuni pangu. Sijui kwa nini nilifanya nilichofanya. Labda ni mazoea tu. Akiniuliza mtu kitu kwa ukali, mkono wangu hukificha kabla kichwa hakijaamua.

"Iko ndani ya gunia, afande. Naleta!"

Nikapita nyuma ya pazia. Pale msumarini kulikuwa na koti la Simeon, mlinzi wa lango. Nikalitia hilo kwenye gunia, nikalifunga mafundo manne ya kiskauti, nikampelekea kwa saluti.

Lenye kiraka nililisukuma ndani ya kinanda. Mahali pa chura.

Simeon alikohoa muhula mzima akilaani wezi. Mzee Kingori alipofungua lile gunia, sisi waigizaji tulichapwa mbele ya shule nzima mpaka mwalimu wa zamu akabadilisha mkono. Hakuna aliyesema, kwa sababu hakuna aliyejua ila mimi. Na mimi nilikuwa nalia kwa dhati, si kwa kuigiza.

*

Basi, wasomaji, mlitaka nimfanye nini Kioko?

Msaliti! Hatukusemezana. Bweni zima lilimsusa. Chakula alikula peke yake, mgongo ukitazama ukuta.

Mimi nikaandaa adhabu rasmi. Siku moja mchana, wote wakiwa uwanjani, nilichuma thabai, yale majani yanayowasha kama moto, nikajaza mto mzima. Nikaenda nao bwenini kumtandikia Kioko kitanda.

Nikamkuta. Amekaa kitandani kule juu, miguu inaning'inia. Ananitazama.

"Weka tu," alisema. "Weka, Marete. Nitalalia."

"Mwalimu amelala wapi, wewe? Unajua?"

"Sijui."

"Ulimuuza! Koti tulipewa na Mama Wachuka, mimi na wewe! Mbona ukasema ni yeye?"

"Kwa sababu yeye ndiye aliniambia niseme hivyo."

Nilicheka kwa dharau. Kioko hakuacha.

"Wewe ulikuwa unaiba matunda. Hukusikia. Mama Wachuka alikuwa kwa mtaro, msichana wa rika letu. Kingori ndiye alikuwa anawasimamia. Siku moja akamvuta kando. Mama akamrushia jembe, likapasua mkono ya koti. Jioni akaletewa hiyo koti na sindano, akaambiwa ashone. Akakata blanketi yake akashona. Usiku hiyo hakurudishwa kwa mama yake... Vita ikaisha, ameshakuwa mke."

Majani yalikuwa yananiwasha vidole. Sikuyaachia.

"Akaniambia, 'Hii koti nimeiweka miaka yote. Kila mama ya mtaro anaijua. Mimi siwezi kusema. Nikisema, watoto wangu watafukuzwa kwa shamba. Nyinyi vaeni.' Mimi nikamwambia Mwalimu kila kitu, Marete! Nilimwambia tuache!"

"Akasema nini?"

"Akasema, 'Kumbe ubeti wa mwisho ulikuwa Tetu.'"

Kioko alianza kulia.

"Kabla tuingie, akanishika mabega. Akasema, 'Kingori atauliza koti imetoka wapi. Usimtaje huyo mama hata wakuvunje mfupa. Nionyeshe mimi. Nionyeshe kwa kidole, mbele ya watu wote, kwa sauti ya tumboni.' Nikakataa. Akasema, 'Kioko, hii ni sehemu yako. Ukiicheza vibaya, yule mama amekwisha.'"

Nilipanda na mto wangu, nikakaa kwenye kitanda chake.

Nilikaa juu ya mto, wapendwa. Ule mto. Na sikuinuka.

*

Siku iliyofuata ya kutembelewa tulitoroka, tukapeleka koti Tetu. Mama Wachuka alilipokea. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Mwalimu wenu amerudi?"

"Bado, Mama."

Aliingia ndani na koti, akafunga mlango.

Mwalimu Wandera alirudi mvua za masika zikiwa zimekwisha. Alikuja kuchukua sanduku na kinanda, kwa kuwa kazi ilikuwa imeshapewa mtu mwingine. Suruali yake ilishikwa na kamba ya katani.

Chama kizima cha maigizo kilimzunguka pale langoni. Tukamwomba, kama watoto wapumbavu tuliokuwa, atupe sauti ya kuanzia. Tumwimbie kwaheri.

Akafungua mdomo.

Ikatoka pumzi.

Akajaribu tena. Pumzi... na mlio kama mlango mkavu.

Hakusema walimfanya nini. Hatukuuliza. Simeon, ambaye bado hakuwa na koti, aligeuka akatazama barabara.

Mwalimu alimwita Kioko kwa kidole. Akamnong'oneza karibu na sikio, nami nilisikia kwa sababu nilijipenyeza.

"Ulicheza vizuri kuliko wote."

Alihamia Kangari, ambako mkewe Benter alikuwa akifundisha shule ya msingi. Huko, kwenye mashamba ya chai, alitungia kwaya za kanisa kwa kinanda kile. Niliwahi kumtembelea. Nyimbo nzuri ajabu. Lakini zote zilikatika kabla ya mwisho. Nikamuuliza ubeti wa mwisho uko wapi.

Akaandika kwa kidole kwenye vumbi la kinanda: *Hakuna watazamaji.*

*

Mzee Kingori alifariki mwaka wa tisini na nne, akaletwa Tetu kuzikwa.

Mazishi, jamani! Mahema, vipaza sauti, magari kutoka Nairobi. Mkubwa mmoja akasema marehemu alikuwa nguzo. Mwingine akasema mwanga. Mwingine akasema alipigania uhuru, na hakuna jani lililotikisika.

Mimi na Kioko tulisimama kando ya ua wa miti. Tulikuwa watu wazima, wenye wake na watoto.

Halafu mwenye kuongoza shughuli akatangaza, "Sasa mjane, mama yetu Wachuka, atatuaga kwa neno fupi."

Jua lilikuwa kali. Kila mtu alikuwa amevua sweta.

Mama Wachuka alitoka nyumbani amevaa koti. Koti zito la askari. Mkono wa kushoto una kiraka chekundu.

Kioko alinishika mkono mpaka ukaniuma.

Mama Wachuka alipita kipaza sauti bila kukitazama. Akasimama ukingoni mwa kaburi. Na akina mama wa Tetu, waliobaki, wakainuka mmoja mmoja kutoka kwenye nyasi. Hakuna aliyewaita.

Wakaanza kuimba. *Mtaro!* Ile sauti yao wenyewe, na maneno ya Mwalimu waliyoyashika siku ile ukumbini. Watoto wa marehemu waliinamisha vichwa. Mkubwa wa Nairobi alitikisa kichwa akifuata mdundo, maskini, akidhani ni wimbo wa kanisa.

Waliimba ubeti wa koti. Nikadhani wamemaliza.

Ndipo nikaona, ng'ambo ya ua, mzee mwembamba aliyevaa kofia. Mwalimu wetu! Alikuwa amekuja kutoka Kangari peke yake. Hakuweza kuimba. Aliinua kidole kimoja, kama zamani.

Mama Wachuka alimwona. Akavuta pumzi, akaimba ubeti ambao hakuna mtu aliyewahi kuuandika:

*Mtaro wa kale umeota nyasi,*
*leo tumechimba mmoja tena.*
*Shuka, mume wangu, shuka,*
*baridi ni yako, koti ni langu.*

Kidole cha Mwalimu kilishuka polepole.

Wimbo ukaisha.

Wasomaji wangu, mimi si mhubiri, na rekodi yangu ya chura hainiruhusu kumfundisha mtu adabu. Lakini hili nililipata kwa vidole vilivyowashwa na thabai: ukimwona rafiki yako amemnyooshea mtu kidole mbele ya watu, usimjazie mto majani kabla hujamuuliza ni nani aliyemwomba akinyooshe.

Mwalimu Wandera tulimzika Busia miaka mitatu baadaye. Hapakuwa na mahema. Kioko alisimama kando ya kaburi, akatoa sauti tumboni, akaimba *Mtaro*.

Ulipofika ubeti wa mwisho tukauacha bila maneno, kama alivyotuzoeza yeye, tukaimba "la la la", wote, mpaka udongo ukajaa.